Wiki ya saba samaki wangu walipungua

Daftari ndilo linalosema hivyo. Jumapili ya wiki ya sita niliandika wastani wa urefu wao, milimita 24. Jumapili iliyofuata, rula ileile, tangi lilelile, kalamu ileile, nikaandika 22. Nikakata, nikapima upya, nikapata 22 na kitu. Samaki wenyewe walikuwa wazima, wanakula, wanakimbizana kama kawaida yao. Na samaki si shati la pamba kwamba ukimlowesha anarudi.

Walikuwa gapi, wale samaki wadogo ambao dume ana mkia mpana wa rangi na jike ni mnene wa kijivu. Niliwachagua kwa sababu ya kivivu kabisa: gapi hatagi mayai, anazaa. Unaamka asubuhi unakuta vidoa vyenye macho vimejibanza kwenye majani, na tarehe ya kuzaliwa unaijua bila kubahatisha. Jike wangu alizaa 47 usiku mmoja. Nikamtoa mapema, maana mama gapi akishazaa hana habari kwamba hawa ni wanawe. Kila kinachoingia mdomoni kwake ni chakula.

Nilitaka kujua jambo dogo tu: je, wanakua vizuri? Nilipowauliza wafugaji wenzangu nilipata majibu ya kila aina. Mmoja alisema mwezi mmoja wawe wamefika sentimita mbili. Mwingine akasema miezi miwili. Wa tatu akacheka, akasema wake walifika tatu. Hakuna aliyesema amepima kutoka wapi hadi wapi, wala kwa kutumia nini, na mimi sikuuliza. Nikachukua daftari, nikachora jedwali, nikaanza.

Njia yangu ilikuwa hii. Nabandika rula kwenye kioo cha mbele, nafumba jicho moja, nasubiri samaki apite sambamba nayo, nasoma haraka kabla hajageuka. Samaki ishirini kila Jumapili. Kazi yenyewe ilinifurahisha, na nadhani ndiyo sababu ilinichukua muda kuishuku.

Baada ya hiyo wiki ya saba nikaanza kuishuku. Nilichukua rula ya pili, ya plastiki, nikaizamisha ndani ya tangi na kuisimamisha sentimita 12 nyuma ya kioo, pale samaki wanapopenda kukaa. Kisha nikakaa mahali pangu pa siku zote, uso ukiwa kama sentimita 30 kutoka kwenye kioo, nikatazama rula ya ndani kupitia ile ya nje. Milimita 20 za ndani zilikuwa sawa na 15 za nje. Nikasogeza uso hadi sentimita 20: zikawa chini ya 14. Nikarudisha kiti nyuma hadi sentimita 60: zikawa 17. Rula hazikuwa zimesogea hata kidogo. Kilichosogea ni kichwa changu.

Watu husema maji hukuza vitu, na hawajakosea. Mwanga ukitoka majini kuingia hewani unapinda, kwa hiyo kitu kilicho sentimita 12 nyuma ya kioo huonekana kana kwamba kiko sentimita 9 hivi. Kimekuja karibu, kinaonekana kikubwa kidogo kuliko kama pangekuwa na hewa tupu. Lakini hizo 9 bado ziko nyuma ya rula. Na kitu kilicho nyuma ya rula lazima kisomeke kifupi kuliko kilivyo, kama mnazi wa mbali unavyoweza kuuziba kwa kidole gumba. Ukibandika rula kwenye kioo cha nyuma mambo yanageuka: samaki aliye mbele yake anasomeka mrefu kuliko alivyo.

Kama ningekuwa nakosea kwa namna moja kila wiki, angalau mwendo wa ukuaji ungeonekana. Sikuwa na hata bahati hiyo. Wiki nyingine nilikaa kwenye kiti, nyingine nilichuchumaa, nyingine samaki walikuwa mbele karibu na kioo kwa sababu nilikuwa nimetoka kuwalisha.

Lakini kioo peke yake hakikutosha kueleza ile milimita 2 iliyopotea. Jibu lilikuwa kwenye ukurasa mwingine wa daftari, pale ninapoandika samaki wanaotoka. Katikati ya wiki ile nilikuwa nimempa rafiki samaki wanane. Niliwachagua wakubwa, maana huwezi kumpa mtu zawadi ya vidogodogo. Sasa fikiria ni samaki gani hao. Ni wale wenye ujasiri, wanaokuja mbele ya kioo wa kwanza wakiona mtu, ambao nilikuwa nawapima kila Jumapili bila kukosa. Wiki ya sita, kati ya ishirini niliopima, wanane walikuwa na milimita 30 hivi na kumi na wawili walikuwa na 20 hivi. Wastani 24. Wiki ya saba wale wanane hawapo, nikapima ishirini kutoka kwa waliobaki, nao walikuwa na 22.

Yaani wale wadogo walikuwa wamekua milimita 2, na daftari likaandika wamepungua milimita 2.

Nilikaa na hesabu ile kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Na ukiigeuza, inatisha zaidi. Mtu ambaye vifaranga wake wadogo wanakufa mmoja mmoja, au wanaliwa na wakubwa, ataona wastani unapanda wiki hadi wiki. Atajisifu kwamba wanakua vizuri. Tangu siku hiyo kila ninapoandika wastani naandika pembeni idadi ya waliopo na sababu ya kila aliyetoka. Wastani usio na idadi sipendi hata kuusikia.

Wakati huohuo binti yangu alikuwa na kesi yake. Alikuwa na dume mmoja mwenye doa jeusi ubavuni, amemwita Wino.

"Baba, Wino amekuwa mfupi."

"Samaki hawi mfupi, mama. Ni kioo kinakudanganya." Nilikuwa nimetoka kugundua habari ya kioo na nilikuwa naieleza kwa kila mtu.

"Si kioo. Njoo uone."

Nikaenda. Wino alikuwa mfupi kweli. Nikamchota kwenye gilasi nikamwinua kwenye mwanga. Mwili ulikuwa uleule, doa palepale. Mkia ndio ulikuwa umeliwa. Ncha imechanikachanika, nyuzi zinaning'inia kama pazia kuukuu, pengine milimita 3 zimekwenda. Madume wenzake walikuwa wamemng'ata.

Nilimpigia mama mmoja niliyemfahamu kwa mambo ya samaki, mtu mzima aliyefuga kabla mimi sijajua tangi ni nini. Nikamwamkia, nikamweleza. Akaniuliza, "Unampima mpaka wapi?" Nikasema mpaka mwisho. "Mwisho wa nini?" Nikanyamaza. Akasema, "Mwanangu, mkia ni nguo. Wewe miezi yote hii unapima nguo."

Kumbe jambo hili lina utaratibu wake na watu wa sayansi ya samaki wamelitatua zamani. Kuna urefu wote, kuanzia ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia. Kuna urefu wa mwili, kuanzia ncha ya mdomo hadi pale uti wa mgongo unapoishia, pezi la mkia halihesabiwi. Na kwa samaki wenye mkia wa panda, kuna urefu wa hadi kwenye gawio la panda. Kwa samaki wa mapambo, ambao tumewachagua kizazi baada ya kizazi ili wawe na mapezi marefu, kipimo cha kwanza hakina maana kubwa. Dume wa gapi anaweza kuwa na mkia unaokaribia urefu wa mwili wake. Samaki mwenye mapezi yanayoburuta nyuma kama kanga anaweza kuongeza sentimita nzima ya "ukuaji" bila kuongeza nyama hata chembe.

Mama yule alinifundisha pia jinsi ya kuona mwisho wa mwili. Ukiupinda mkia wa samaki taratibu upande mmoja, unakunjika pale uti unapoishia, unatokea mstari. Kwa vifaranga huhitaji hata kugusa: mkia wao unapitisha mwanga na mwili haupitishi, kwa hiyo mpaka kati yake unauona wazi.

Basi nikaanza upya nikiwa najiona mtaalamu. Napima mwili tu, namchota samaki kwenye kichupa chembamba, naweka rula nyuma ya kichupa karibu naye kabisa. Kuanzia wiki ya nane namba zangu zilikuwa za kuaminika. Na hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko yote, kwa kutumia namba sahihi.

Wiki ya nane wastani ulikuwa 17. Wiki ya tisa, 17.5. Wiki ya kumi, 17.6. Mstari uliokuwa unapanda ulikuwa umelala. Safari hii sikuwa nimetoa samaki, mikia haikuhesabiwa, kioo hakikuhusika. Nikahitimisha kwamba wana njaa. Nilikuwa nawalisha mara tatu kwa siku, nikafanya sita. Unga wa chakula kikavu asubuhi, mchana na jioni, na katikati yake uduvi wa artemia. Hao artemia huanguliwa kwenye maji ya chumvi yenye hewa inayobubujika, kama siku moja tu kwenye joto la nyuzi 27 au 28, na wanapoanguliwa wana urefu wa chini ya nusu milimita. Kila kifaranga hupagawa akiwaona. Matumbo yalikuwa ya rangi ya chungwa, nikafurahi.

Siku ya nne asubuhi nilisikia harufu kabla sijawasha taa. Samaki walikuwa juu wote, midomo kwenye uso wa maji, wamesongamana pale maji yanapomwagika kutoka kwenye filta. Chini, mabaki ya chakula yalikuwa yameota utando mweupe. Nilipima amonia, sumu inayotokana na kinyesi na chakula kinachooza: kipimo kilisoma miligramu 1 kwa lita, kwenye maji yenye pH 8, yaani yasiyo na uchachu. Amonia ni sumu zaidi maji yakiwa na pH ya juu na yakiwa ya moto, na yangu yalikuwa yote mawili. Nilibadilisha nusu ya maji palepale, jioni nikabadilisha nusu nyingine, nikaacha kulisha siku mbili. Kumi na mmoja walikufa.

Niliwatandaza kwenye karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Sikuwa na nia ya kupima. Nilitaka kuwatazama tu kabla ya kuwafukia. Lakini walikuwa pale wametulia, kitu ambacho samaki hai hafanyi, na rula ilikuwa mezani. Nikapima.

Saba walikuwa madume. Dume wa gapi akikomaa, lile pezi la nyuma ya tumbo, ambalo kwa jike ni kama upepeo mdogo, hubadilika likawa kijiti chembamba kinachoelekea nyuma. Wote saba walikuwa na kijiti kilichokamilika. Urefu wa mwili: 16, 16, 16.5, 16, 17, 16.5, 16. Kama waliotoka kwenye kalibu moja. Wanne walikuwa majike: 18, 20, 19, 22. Kila mmoja na lake.

Ukuaji haukuwa umesimama. Nusu ya samaki walikuwa wamefika mwisho wa safari yao na nusu walikuwa bado wanakwenda. Dume wa gapi hukua haraka hadi anapokomaa, kisha anakaribia kusimama kabisa. Anachokula baada ya hapo kinakwenda kwenye rangi, mkia na kukimbiza majike. Jike anaendelea kukua, polepole zaidi kadiri umri unavyokwenda, muda mrefu wa maisha yake. Nilikuwa nimechanganya makundi haya mawili kwenye wastani mmoja, kama mtu anayejumlisha urefu wa baba na mtoto kisha ashangae kwa nini nyumba nzima hairefuki. Na kwa ajili ya wastani huo nikawawekea samaki sumu ndani ya maji, nikidhani ni chakula.

Baadaye nilisoma kwamba ukubwa ambao dume husimama nao umeshughulikiwa sana na wanasayansi, na kwa gapi hasa. Kule Trinidad, kisiwa cha Karibiani ambako gapi wanaishi mitoni, David Reznick na John Endler waliwalinganisha gapi wa sehemu zenye samaki wakubwa wanaowinda gapi wazima na wa sehemu zisizo nao. Wale wanaowindwa hukomaa mapema na wakiwa wadogo. Walipowahamisha wengine kwenda sehemu tulivu, baada ya miaka 11 uzao wao ulikuwa unakomaa umechelewa na ukiwa mkubwa zaidi; matokeo yakachapishwa mwaka 1990. Kwangu mimi maana yake ilikuwa nyepesi: madume wangu wa milimita 16 hawakuwa wamedumaa. Walikuwa wameamua.

Uzao wa pili nilijipanga. Naeleza kifaa changu kwa kirefu kidogo kwa sababu ndicho kitu pekee katika habari hii ambacho najivunia.

Ni kisanduku chembamba, vioo viwili vilivyobandikwa kwa silikoni, nafasi kati yake sentimita 1 tu. Samaki akiingia hawezi kugeuka kukuelekea, anakaa ubavu. Kioo cha nyuma kimebandikwa karatasi ya miraba ya milimita iliyofunikwa plastiki. Maji yanatoka kwenye tangi lenyewe, ili joto lisibadilike. Simu naiweka juu ya kigoda, sentimita 40 kutoka kwenye kisanduku, kisha navuta picha badala ya kusogeza simu. Hapo pana siri. Samaki akiwa sentimita 1 mbele ya karatasi, na simu iko sentimita 40, kosa ni kama asilimia 2 tu. Ukiisogeza simu hadi sentimita 10 ili upate picha nzuri ya kuwaonyesha watu, kosa linapanda hadi asilimia 7 au 8, na kifaranga wako wa milimita 13 anakuwa wa 14. Nimeona picha nyingi za namna hiyo, samaki amejaa kwenye skrini, rula nyuma, na sifa tele.

Napiga picha tatu, namrudisha. Hakai mle zaidi ya dakika moja. Simlishi kabla, maana tumbo likijaa anatulia vibaya na anachafua kisanduku. Picha ambayo mwili umepinda naitupa. Kupima nafanya baadaye, mezani, bila haraka na bila samaki anayeteseka.

Kwa wiki mbili za kwanza kisanduku hakihitajiki. Nawamwaga vifaranga kwenye sahani nyeupe yenye maji kimo cha sentimita 1, karatasi ya miraba iko chini, picha moja kutoka juu inawachukua wote. Siku ya kwanza wengi wao walikuwa kati ya milimita 6.5 na 7.

Kuhusu nani apimwe, nimeacha kuchagua kwa macho. Nina kipande cha kioo kinachoingia katikati ya tangi. Nawasukuma wote upande mmoja taratibu, kisha nachota kwa kikombe, sio wavu. Wavu unawapata wazembe na wagonjwa, na ukisubiri wanaokuja wenyewe unawapata vinara. Kikombe hakina upendeleo mkubwa. Siku nikiwa na muda napima wote. Na siandiki wastani tu. Naandika mdogo kuliko wote, mkubwa kuliko wote, na yule anayekaa katikati ukiwapanga kwa mstari. Huyo wa katikati ndiye ninayemwamini. Kuanzia wiki ya tano madume na majike wana kurasa tofauti.

Uzito nao niliuonea woga bure. Mizani yangu inasoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, na kifaranga mmoja ni miligramu chache, haioni kitu. Lakini unaweza kuweka chombo chenye maji kwenye mizani, ukasawazisha kuwa sifuri, kisha ukatia samaki ishirini waliochujwa maji vizuri kwa wavu. Wakiwa na mwili wa milimita 15 hivi, ishirini wangu walikuwa gramu 1.4. Ni miligramu 70 kila mmoja. Matone mawili matatu ya maji yanayofuatana nao yanaweza kuharibu kila kitu, kwa hiyo nafanya mara mbili.

Uzito ndio ulionifungua macho kuhusu tangi. Samaki hakui kwa urefu tu, anakua upana na kina pia, kwa hiyo urefu ukiongezeka mara mbili uzito unaongezeka mara nane hivi. Kifaranga aliyetoka 6.5 hadi 13 kwa wiki nne anaonekana ameongeza kijisehemu tu. Kumbe amebeba mwili mara nane. Ni asilimia 7 na zaidi kila siku inayopita. Akifika 20, akaongeza milimita 2 kwa wiki mbili, rula itasema anakwenda vizuri, lakini kwa uzito ni asilimia 2 tu kwa siku. Milimita ya ujana na milimita ya utu uzima si milimita moja. Na vifaranga arobaini walioonekana wachache mno kwenye tangi lile siku ya kwanza, baada ya wiki nane ni uzito mara ishirini au zaidi, wanakula kwa kiasi hicho, wanachafua kwa kiasi hicho, na filta ni ileile. Sasa ratiba ya kubadilisha maji naipanga kwa uzito. Ni ajabu kwamba sikuifikiria kabla ya wale kumi na mmoja.

Joto nitaligusia kidogo. Uzao wa tatu niliuweka kwenye nyuzi 24 na wa nne kwenye 27. Wa moto walitangulia mapema, na madume wao walivaa rangi mapema, lakini walisimama wakiwa wadogo kidogo kuliko wa baridi. Ningewapima wiki ya sita tu ningesema joto linakuza samaki. Ningewapima wiki ya ishirini tu ningesema linawadumaza.

Kuna jambo linalonifurahisha ingawa halinisaidii. Ndani ya kichwa cha samaki, kwenye sikio, kuna vijiwe vinavyoongezeka tabaka kwa tabaka maisha yake yote. Mwaka 1971 Giorgio Pannella alionyesha kwamba tabaka hizo huwekwa kila siku. Ukilikata jiwe jembamba ukaliweka chini ya hadubini unaweza kuhesabu siku za samaki mchanga, na kuona siku zipi alikua vizuri na zipi alikwama. Wale wangu kumi na mmoja walikwenda ardhini na madaftari yao kichwani. Siku zile nne za kulishwa mara sita bila shaka zimeandikwa humo.

Katika uzao wa pili alikuwapo jike mmoja mdogo kupita kiasi. Wiki ya tano, dada zake wana 16, yeye ana 11. Kila chakula kikidondoka anafika, anasukumwa, anarudi kwenye majani. Wafugaji wengi humpa samaki mkubwa samaki wa namna hiyo, na mimi nilishachukua kikombe. Binti yangu akasimama kati yangu na tangi. Hakusema kitu.

Tukamhamishia kwenye tangi dogo pamoja na wawili wengine wadogo, maji yaleyale, chakula kilekile. Wiki ya saba alikuwa na 15. Wiki ya tisa, 19. Dada zake walikuwa na 21. Namba hizi ninazo kwenye picha, ubavu kwa ubavu, doa la mdomoni linaonekana, hakuna mtu atakayeniambia nilimchanganya na mwingine. Kilichokuwa kinamzuia ni foleni.

Wiki iliyopita alizaa, tisa tu. Tumewamwaga kwenye sahani nyeupe, binti ameshika simu, mimi nasoma miraba. Wa kwanza 6.8. Wa pili 6.6. Wa tatu 7. Wa nne alikunja mkia wakati picha inapigwa, haikufaa, akasema turudie, nami nikasema tumwache, kesho atakuwepo.